Raspberry Pi Isiyopatikana Mtandaoni: Jinsi ya Kutafuta Hitilafu ya Anwani ya IP

Raspberry Pi, kompyuta ndogo iliyofichwa nyuma ya printa katika saiba moja ya mtaa wa Umoja, Nairobi, haina skrini wala kibodi, na njia pekee ya kuifikia ni anwani yake ya IP, yaani namba inayoitambulisha mtandaoni. Anwani hiyo ikibadilika au ikikosekana, wateja waliosimama kaunta wakisubiri kuchapishiwa vyeti vya KRA na barua za kuomba kazi hawahudumiwi, ilhali mashine yenyewe ni nzima na inaendelea na shughuli zake za ndani bila kasoro yoyote. Nimeitwa mara nyingi kushughulikia hitilafu za namna hii, na nimeona kwamba saa nyingi hazipotei katika kurekebisha, bali katika kurekebisha pasipohusika. Mtu hufungua faili aliyoelekezwa na mwongozo wa zamani, akaandika anwani anayoitaka, akazima mashine na kuiwasha tena, na lisibadilike lolote, kwa sababu hakuna programu inayoisoma faili hiyo tena.

Kwa sababu hiyo tutaanza kwa kutazama hali ilivyo, kisha tutambue ni programu gani inayosimamia mtandao ndani ya kompyuta hiyo, na baada ya hapo ndipo tuguse mipangilio. Amri nitakazozitaja ni za Raspberry Pi OS, lakini nyingi hufanya kazi vilevile katika Debian na Ubuntu kwenye kompyuta nyingine ndogo.

Hatua ya kwanza: umeme na waya

Hakikisha kwanza kwamba kompyuta inapata umeme wa kutosha. Raspberry Pi 4 inahitaji chaja ya volti 5 na ampea 3, na Raspberry Pi 5 imekusudiwa chaja ya volti 5 na ampea 5. Chaja ya simu huweza kuiwasha na ikaonekana sawa, hadi kazi inapozidi na volti kushuka, na hapo Wi-Fi au vifaa vya USB huanza kukatika bila mpangilio. Unganisha skrini na kibodi, kisha andika:

vcgencmd get_throttled

Jibu la 0x0 linamaanisha kwamba umeme haujapungua tangu mashine ilipowashwa. Ukiona 0x50000 au 0x50005, badilisha chaja kabla ya kuendelea, kwa maana vipimo vyote utakavyofanya ukiwa na umeme dhaifu havitaaminika.

Kisha tazama taa ndogo zilizo kwenye tundu la waya wa mtandao. Zisipowaka kabisa, tatizo haliko kwenye anwani. Jaribu waya mwingine, kisha tundu jingine la ruta. Nyaya nyingi katika majumba yetu ya kupangisha hukatwa na kufungwa vichwa na fundi papo hapo, na waya mmoja kati ya ile minane ukikosa kushika vizuri, muunganisho huweza kushuka hadi megabiti 100 kwa sekunde au kukatika mara kwa mara. Kasi iliyokubaliwa baina ya pande mbili huonekana hivi:

cat /sys/class/net/eth0/speed

Ukiona 100 mahali ambapo kompyuta na ruta zote zina uwezo wa 1000, mshuku waya kwanza.

Hatua ya pili: kusoma hali ilivyo

Amri hii moja hutoa muhtasari wa violesura vyote vya mtandao, yaani milango ambayo kompyuta huitumia kuungana na mtandao, kila kimoja katika mstari wake:

ip -br addr

Utaona lo, ambacho ni kiolesura cha kompyuta kuzungumza na nafsi yake na hakituhusu; eth0, ambacho ni cha waya; na wlan0, ambacho ni cha Wi-Fi. Neno DOWN mbele ya eth0 linakurudisha kwenye waya. Neno UP likifuatwa na anwani kama 192.168.1.23/24 linaonyesha kwamba kompyuta imepewa anwani, na swali linabaki kama anwani hiyo ndiyo unayoitarajia.

Mara nyingi siyo. Anwani inayoanza na 169.254 haikutoka kwenye ruta. Kompyuta imejipangia yenyewe baada ya kuomba na kukosa jibu. Raspberry Pi OS za zamani zilikuwa na desturi ya kufanya hivyo, lakini zile mpya mara nyingi hukaa bila anwani yoyote ya aina hiyo na kubaki na ile ndefu inayoanza na fe80 peke yake. Maana ni ileile: waya unafanya kazi, ila hakuna aliyejibu ombi la anwani. Nalisisitiza jambo hili kwa sababu miongozo mingi humwambia msomaji atafute 169.254, naye asipoiona hudhani kwamba tatizo lake ni la aina nyingine.

Anwani inayoanza na 192.168.0 mahali ambapo vifaa vingine vyote vina 192.168.1 ina maana tofauti kabisa, nayo tutairudia hapa chini, kwani ndiyo iliyonisumbua kuliko zote.

Malizia hatua hii kwa kutazama njia ya kutokea:

ip route

Mstari unaoanza na default ndio unaotaja lango, yaani anwani ya ruta ambayo pakiti zote (vipande vya data) zinazotoka nje hupitia. Usipokuwepo, kompyuta inaweza kuzungumza na majirani zake wa mtandao huohuo lakini haiwezi kufika nje. Ikiwepo mistari miwili ya default, mmoja wa eth0 na mwingine wa wlan0, tazama namba iliyo baada ya neno metric, kwani mstari wenye namba ndogo ndio unaotumika. Kwa kawaida NetworkManager, mojawapo ya programu za kusimamia mtandao, huupa waya 100 na Wi-Fi 600.

Hatua ya tatu: ni programu gani inayosimamia mtandao?

Hapa ndipo ninapomwomba msomaji asiharakishe. Kwa muda mrefu watumiaji wa Raspberry Pi walifundishwa kuandika anwani isiyobadilika katika faili ya /etc/dhcpcd.conf, na kabla ya hapo katika /etc/network/interfaces. Kisha mnamo Oktoba 2023 likatoka toleo la Raspberry Pi OS lililojengwa juu ya Debian 12, yaani Bookworm, na usimamizi wa mtandao ukahamia kwa NetworkManager. Miongozo ya zamani haikufutwa. Bado inasomwa, bado ni sahihi kwa mashine za zamani, na bado inampoteza mwenye mashine mpya, kwa kuwa faili ya dhcpcd.conf inaweza kuundwa na kuhifadhiwa bila malalamiko yoyote hata kama hakuna anayeisoma.

Niliwahi kukaa Jumamosi nzima katika saiba hiyo ya Umoja nikihariri faili hiyo. Niliangalia nukta, nafasi na herufi moja baada ya nyingine nikiamini kwamba nimekosea tahajia, huku mama mwenye saiba akiwarudisha wateja wake mlangoni. Jibu lilikuwa katika amri hii, ambayo ingenichukua sekunde chache:

systemctl is-active NetworkManager dhcpcd systemd-networkd

Majibu matatu yatatokea kwa mpangilio huohuo wa majina. Palipoandikwa active ndipo palipo na msimamizi. Ikiwa ni NetworkManager, mipangilio hufanywa kwa amri ya nmcli, au kwa nmtui ambayo ina menyu za kuchagua. Ikiwa ni dhcpcd, basi faili ya dhcpcd.conf ndiyo yako. Ikiwa ni systemd-networkd, kama ilivyo katika Ubuntu ya seva, tafuta faili zilizo chini ya /etc/netplan na baada ya kuzihariri utumie sudo netplan try, amri ambayo hurudisha mipangilio ya awali yenyewe usipoithibitisha kwa wakati.

Wasimamizi wawili wakiwa hai kwa pamoja, kila mmoja huomba anwani yake, na kiolesura kimoja huishia kuwa na anwani mbili au kubadilika kila baada ya muda. Hali hii huwapata hasa watu waliosakinisha dhcpcd ili mwongozo wa zamani ufanye kazi. Mzime mmoja:

sudo systemctl disable --now dhcpcd

Fanya hivyo ukiwa mbele ya mashine yenye skrini, usifanye kupitia SSH (njia ya kuiongoza mashine kutoka kompyuta nyingine), kwa sababu muunganisho unaoutumia unaweza kukatika pamoja na amri hiyo na ukajifungia nje.

Hatua ya nne: ruta inajibu au haijibu?

Utaratibu wa DHCP, ambao ruta huutumia kugawa anwani, una hatua nne. Kompyuta hutangaza kwamba inatafuta anwani, ruta hupendekeza mojawapo, kompyuta huiomba rasmi, na ruta huithibitisha kwa muda maalumu. Kumbukumbu za mazungumzo hayo huonekana hivi:

journalctl -b -u NetworkManager | grep -i dhcp

Mazungumzo yakiishia kwenye kutafuta tu na baada ya sekunde 45 yakakatwa, ruta haikujibu. Katika saiba sababu inayojitokeza mara nyingi ni kwamba anwani za kugawa zimekwisha. Ruta iliyopangwa kugawa kuanzia 192.168.1.100 hadi 192.168.1.149 ina anwani 50 tu, na kila simu ya mteja aliyeingia kwenye Wi-Fi asubuhi huendelea kuhesabiwa hadi muda wake uishe, hata kama mteja mwenyewe ameshafika mjini. Muda ukiwa ni saa 24, kufikia saa kumi za jioni hakuna nafasi iliyobaki. Ingia katika ukurasa wa ruta, upanue wigo au upunguze muda huo hadi saa mbili.

Sababu nyingine ni kupotea kwa stima, jambo ambalo wakazi wa Nairobi hawahitaji kuelezwa. Umeme unaporudi, vifaa vyote huwaka kwa wakati mmoja, lakini ruta huchukua muda kabla ya kuanza kugawa anwani. Kompyuta ndogo huomba, hukosa jibu, hurudia mara chache, kisha NetworkManager hupumzika kwa dakika tano kabla ya kujaribu tena. Mwenye duka huona kwamba vitu vyote vinafanya kazi isipokuwa printa, akaanza kuchomoa na kuchomeka nyaya. Ruhusu majaribio yasiyo na kikomo:

sudo nmcli con mod "Wired connection 1" connection.autoconnect-retries 0

Jina lililo ndani ya alama za kunukuu ni la muunganisho, wala si la kiolesura, na huenda kwako likawa tofauti. Litazame kwanza kwa nmcli con show, ulinakili kama lilivyoandikwa.

Sasa turudi kwenye ile 192.168.0. Katika jengo moja, kompyuta ilikuwa ikipata anwani sahihi siku moja na anwani ya mtandao usiojulikana siku inayofuata. Nilibadilisha waya, nikabadilisha kadi ya SD, nikasakinisha mfumo upya. Chanzo kilikuwa ruta ya pili ambayo mpangaji wa chumba cha nyuma aliinunua ili apate Wi-Fi yenye nguvu, akachomeka waya katika tundu mojawapo la ndani badala ya lile la nje. Ruta hiyo nayo ikawa inagawa anwani katika mtandao uleule, na kompyuta ilikubali pendekezo lililowahi kufika. Ili kujua aliyetoa anwani yako, andika:

nmcli -f DHCP4 device show eth0

Tafuta mstari wenye dhcp_server_identifier. Ukitaja anwani isiyo ya ruta yako, kuna mgawaji wa pili, na hakuna utakachorekebisha ndani ya Raspberry Pi kitakachomwondoa. Zifuate nyaya hadi uifikie ruta hiyo, uzime ugawaji wake wa DHCP, na umweleze mwenye nayo kwa upole, maana hakukusudia kumharibia mtu kazi.

Hatua ya tano: kuipa kompyuta anwani isiyobadilika

Zipo njia mbili, na mimi napendelea ile ya kuhifadhi anwani ndani ya ruta. Kompyuta huendelea kuomba kwa DHCP kama kawaida, ila ruta huitambua kwa namba ya MAC, ambayo ni namba ya kiolesura chenyewe, na kuipa anwani ileile kila mara. Faida yake ni kwamba mipangilio yote inakaa mahali pamoja, na kadi ya SD ikiharibika ukaweka nyingine, anwani haipotei. Namba hiyo huipati kwa kukisia:

cat /sys/class/net/eth0/address

Kumbuka kwamba waya na Wi-Fi zina namba tofauti. Aliyehifadhi anwani kwa namba ya wlan0 kisha akatumia waya atasubiri bila mafanikio.

Hata hivyo si kila mtu ana nywila ya ruta. Katika ploti nyingi intaneti ni ya mwenye nyumba au ya msambazaji wa mtaa, na mpangaji hupewa waya tu. Hapo itakubidi uandike anwani ndani ya kompyuta yenyewe. Omba uelezwe wigo unaogawiwa na ruta ili uchague anwani iliyo nje yake, na kabla ya kuitumia hakikisha hakuna kifaa kingine kinachoitumia. Kwa kazi hii sakinisha iputils-arping, kisha:

sudo arping -D -I eth0 -c 3 192.168.1.50

Ukipata jibu lolote, anwani hiyo ina mwenyewe. Usitegemee ping, amri ya kuuliza kama kifaa kipo, peke yake, kwa kuwa baadhi ya simu na kompyuta huikataa ping ilhali zipo. Anwani ikiwa huru, andika amri ifuatayo yote katika mstari mmoja:

sudo nmcli con mod "Wired connection 1" ipv4.method manual ipv4.addresses 192.168.1.50/24 ipv4.gateway 192.168.1.1 ipv4.dns "192.168.1.1 1.1.1.1"

sudo nmcli con up "Wired connection 1"

Amri ya kwanza huandika mipangilio na ya pili huitekeleza. Anayesahau ya pili huona kwamba anwani ya zamani bado ipo na kudhani kwamba ameshindwa. Kosa jingine ni kuacha /24 baada ya anwani. NetworkManager hailalamiki; huichukulia kuwa /32, yaani mtandao wenye kompyuta moja pekee, na mawasiliano na majirani huvurugika. Hiyo /24 ni sawa na 255.255.255.0 inayoandikwa katika kurasa za ruta nyingi. Lango nalo lazima liwe katika mtandao uleule, kwa hiyo 192.168.0.1 haiwezi kuihudumia 192.168.1.50.

Ukitaka kurudi kwenye DHCP, futa kila ulichokiandika, kwani kubadili method peke yake huacha anwani ya zamani ikiambatana na mpya:

sudo nmcli con mod "Wired connection 1" ipv4.gateway "" ipv4.addresses "" ipv4.dns "" ipv4.method auto

Baada ya kubadilisha anwani, laptopu yako inaweza kukataa kuingia kwa SSH ikionya kwamba utambulisho wa mashine umebadilika. Onyo hilo hutokea pia kifaa kingine kinapokuwa kimechukua anwani ya zamani ya Raspberry Pi, kwa hiyo thibitisha kwanza unazungumza na mashine gani. Ukishahakikisha, ondoa kumbukumbu ya zamani kwa ssh-keygen -R ikifuatwa na anwani husika.

Hatua ya sita: anwani ipo, intaneti haipo

Panda ngazi moja baada ya nyingine, bila kuruka. Anza na ruta, nenda nje kwa namba, kisha nenda nje kwa jina:

ping -c 3 192.168.1.1

ping -c 3 1.1.1.1

getent hosts debian.org

Ruta isipojibu, rudi hatua ya pili. Ruta ikijibu na 1.1.1.1 isijibu, tatizo limevuka nyumba yako; huenda malipo ya mwezi yamekwisha, jambo ambalo ni vyema kuliuliza kabla ya kufungua faili yoyote. Namba ikijibu lakini jina lisitoe chochote, DNS, yaani huduma ya kugeuza majina kuwa anwani, ndiyo yenye kasoro, na faili ya /etc/resolv.conf itakuonyesha ni seva gani inayoulizwa. Usiihariri faili hiyo kwa mkono, maana NetworkManager huiandika upya, badilisha ipv4.dns kama tulivyofanya hapo juu.

Iko hali moja inayofanana sana na hitilafu ya mtandao ingawa siyo. Ngazi zote tatu zinajibu, lakini sudo apt update inakataa na tovuti za https hazifunguki. Raspberry Pi nyingi hazina saa yenye betri. Raspberry Pi 5 inayo saa, lakini betri yake hununuliwa kando. Stima ikipotea kwa saa sita, kompyuta huamka ikiamini kwamba muda haujasonga, na hadi ipate saa sahihi kutoka mtandaoni, vyeti vya usalama na orodha za vifurushi huonekana kuwa na tarehe zisizokubalika. Andika timedatectl na utazame tarehe kabla ya kulaumu anwani.

Kwa wanaotumia Wi-Fi

Amri ya rfkill list ikionyesha kwamba Wi-Fi imezuiwa, mara nyingi ni kwa sababu nchi haijachaguliwa:

sudo raspi-config nonint do_wifi_country KE

Mtandao usipoonekana kabisa katika nmcli dev wifi list, kumbuka kwamba Raspberry Pi 3 Model B, Zero W na Zero 2 W hupokea masafa ya gigahezi 2.4 pekee. Ruta inayotangaza gigahezi 5 tu haitaonekana kwao.

Jaribio la mwisho

Usiondoke kabla ya kuiga kupotea kwa stima. Zima kompyuta kwa sudo poweroff, subiri taa yake itulie, kisha uzime soketi ya ukutani inayolisha ruta, printa na kompyuta hiyo kwa pamoja. Hesabu dakika moja, uwashe, na usiguse chochote kwa dakika kumi. Kisha, ukiwa kwenye laptopu au simu, jaribu kuifikia anwani uliyoichagua na uchapishe ukurasa mmoja. Ukitoka, andika anwani, namba ya MAC na jina la programu inayosimamia mtandao kwenye karatasi, uibandike juu ya kasha la mashine kwa selotepu, ili fundi atakayekuja baada yako ajue pa kuanzia.